Kuwaepuka watu si uvivu

Mhariri,

Mpwa wangu, kijana wa miaka 22 ninayeishi naye hapa Kayole, hupitishwa kituo mara kwa mara kwa sababu hawezi kumwambia makanga “shukisha” mbele ya abiria. Husubiri mwingine ashuke, kisha hurudi nyumbani kwa miguu. Jamaa wengine wamemwita mvivu, wengine wakasema ana maringo. Ndiyo sababu ninauunga mkono kwa moyo wote utafiti unaotumia sumaku kuchangamsha ubongo ili ijulikane kwa nini baadhi ya watu huwaepuka wenzao.

Mbinu hii, ambayo Anthony Barker na wenzake waliionyesha huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, haihitaji upasuaji wala dawa ya usingizi. Koili ya waya huwekwa kichwani, na umeme unapopita humo ghafla hutoa mpigo wa sumaku unaoamsha mkondo mdogo wa umeme katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu. Ikielekezwa kwenye sehemu inayotawala mkono, kidole gumba huruka chenyewe, na kwa mruko huo mtafiti hupima nguvu inayomfaa kila mshiriki.

Picha za ubongo huonyesha sehemu inayofanya kazi mtu anapoogopa, lakini peke yake hazithibitishi kwamba hapo ndipo chanzo. Kwa sumaku, mtafiti huweza kubadilisha kwa muda kazi ya sehemu hiyo, kisha akaangalia kama mshiriki atazidi kuukwepa uso uliokunjwa kwa hasira, au kama atakubali kutoa jasho zaidi kwa ajili ya zawadi, huku wengine, ili kulinganisha, wakiwekewa koili bandia yenye mlio kama wa ile halisi. Hivyo hofu ya kukutana na watu yaweza kutenganishwa na ukosefu wa hamu, mambo mawili ambayo sisi nyumbani tuliyachanganya kwa miaka mingi.

Sisemi kwamba tiba ya mpwa wangu imepatikana. Marekani iliidhinisha kifaa cha aina hii mwaka 2008 kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, si kwa hofu ya kukutana na watu. Mpigo wa koili ya kawaida hufika sentimita chache tu ndani ya kichwa, na mwenye kifafa au chuma kichwani hana budi kuchunguzwa kwanza.

Ninaloviomba vyuo vikuu vya Nairobi ni kwamba, vikifanya utafiti huu, viwashirikishe vijana wa mitaa yetu kwa ridhaa yao kamili, tena vikumbuke nywele zao: nguvu ya sumaku hupungua upesi koili inapokaa mbali na kichwa, na msuko mnene unatosha kuisogeza.

Mwalimu,
Kayole, Nairobi