Mlango Nimekuachia Wewe

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama yako hajambo, na bibi anakusalimu, kila siku anauliza chuo kinafungwa lini. Nakuandikia juu ya ile nyumba ndogo ya mfano, ya vibao vya kuunganisha, uliyoiacha juu ya kabati siku uliyopanda basi kurudi Dodoma.

Uliniambia, "Baba, nimeiharibu, itupwe tu." Sikuitupa. Niliiangalia wiki nzima bila kuigusa, maana kazi ya mtu haishikwi hovyo, na ulipokubali kwenye simu ndipo nikaishusha. Mwanangu, hukuiharibu.

Ukuta wa ngazi uliubandika upande wa ndani ukatoka nje, ndimi za kushika sakafu ya juu zikabaki zinatazama barabarani. Kosa hilo nimelifanya mimi kwenye makabati ya watu wazima, na miaka ya useremala ninayo. Dawa yake ni kupanga vipande vyote vikavu kwanza, uone kila ulimi umeingia tundu lake, ndipo ufungue gundi. Bahati yako ulitumia gundi nyeupe ya mbao. Hiyo ina huruma. Nilichovya pamba kwenye maji ya moto nikaiweka kwenye kiungo, nikangoja, nikalowesha tena, mpaka ukuta ukaachia wenyewe bila kupasuka. Plaiwudi nyembamba vile ikinywa maji hujikunja kama jani kavu la mkungu, kwa hiyo niliulaza katikati ya karatasi mbili, juu yake nikaweka ile pasi ya mkaa ya bibi, imepoa, hadi kesho yake.

Na ule ukungu kwenye madirisha si uchafu wa vidole vyako. Ni mvuke wa gundi kali ile ya kukauka haraka. Ikiwa karibu na plastiki angavu huacha weupe, na ukisugua unaongeza mikwaruzo. Nimekata vioo vingine kwenye mfuniko wa boksi la shati.

Sasa nikwambie kilichonifurahisha hata nikakosa usingizi. Kwenye karatasi ya maelekezo, waliotengeneza vibao hivyo wameandika kipimo cha 1:48. Niliitazama hesabu hiyo mpaka nilipoigeuza kwenye futi na inchi, nikaona kumbe ni robo inchi kwa kila futi moja. Basi mlango wa futi saba unakuwa inchi moja na robo tatu! Ile nyumba ya wanasesere ya malkia wa Uingereza uliyonionyesha kwenye simu, iliyojengwa kati ya 1921 na 1924, yenye taa zinazowaka na maji ya bomba, ni ya 1:12, inchi nzima kwa futi. Yako ni ndogo mara nne kwa urefu. Ndiyo maana mkono ulikutetemeka. Kipande kikiwa kidogo hivyo, hata unene wa rangi unatosha kuziba tundu, ndiyo sababu ndimi hazipakwi.

Usiku huohuo nikachukua kijiti cha meno mezani nikakipima. Unene milimita mbili. Kwenye nyumba yako hiyo ni karibu inchi nne, unene wa boriti ya mkoko! Urefu wake inchi mbili na nusu, yaani futi kumi. Unakumbuka nilipokupeleka kwenye magofu ya nyumba za mawe hapa Mji Mkongwe, ukauliza mbona vyumba ni virefu lakini vyembamba? Ni boriti, mwanangu. Mti wa mkoko hauvuki chumba kipana na kubeba dari la mawe na chokaa, kwa hiyo fundi alipanga kuta kwa kufuata mti alionao. Nilikuwa naijua habari hiyo tangu ujana, lakini kuishika kwenye ncha za vidole ni jambo jingine.

Naomba radhi, nimefanya jambo bila ruhusa yako. Chumba cha chini nimekiezeka dari la vijiti hivyo, ishirini na viwili, nimekata ncha zilizochongoka na kuvipaka chai ya rangi vififie. Paa la mteremko mkali la hao watengenezaji nimeliacha kama lilivyo, ni lao. Mbele nimejenga baraza, kwa sababu nyumba isiyo na pa kumkalisha mgeni nilishindwa kuitazama.

Mlango sijaugusa. Uko kwenye kikopo cha dawa pamoja na bawaba zake, nao ni wa ubao mmoja. Mimi ningeupasua katikati uwe wa mbao mbili na mfaa, ule mti wa katikati, kama ile ya Barabara ya India, lakini nyumba ni yako na mlango ni neno la mwenye nyumba. Penseli ngumu na msasa laini ninavyo. Kibano kizuri huku sijapata, natumia cha nyusi cha mama yako. Ukikiona huko Dodoma, kinunue uje nacho.

Baba yako