Askari mstaafu dukani alipwe kwa ujuzi, si kwa gwanda

Ndugu Mhariri,

Mjadala kuhusu waajiri wa biashara ya rejareja na askari wastaafu unakwenda kombo kwa sababu pande zote mbili zinabishania shukrani. Mmoja anasema aliyeitumikia nchi aongezewe mshahara dukani. Mwingine anajibu kwamba duka halikupigana vita, kwa hiyo halidaiwi. Wote wameliruka swali analokutana nalo meneja siku ya kuandika barua ya ajira: mtu huyu aanzie ngazi ipi ya mshahara? Maoni yangu ni kwamba miaka ya jeshini ihesabiwe kuwa miaka ya kazi popote shughuli zinapofanana, kwa kipimo kilekile anachopimiwa aliyetoka duka jingine, na gwanda lenyewe lisiongezewe hata senti.

Tazama Marekani, ambako sheria za jambo hili si haba. Sheria ya 1994 ijulikanayo kwa kifupi kama USERRA humlinda mfanyakazi anayeacha kazi kwa muda kwenda jeshini. Muda wake wote wa jeshini akiwa na mwajiri huyo usizidi miaka 5, ukiacha vipindi ambavyo sheria imevisamehe. Na akikaa jeshini zaidi ya siku 180, aombe kurudi kazini ndani ya siku 90. Akitimiza masharti, anarudishwa kwenye nafasi na mshahara ambao angeufikia lau asingeondoka. Sasa weka watu wawili mbele ya duka moja. Wa kwanza alipanga bidhaa kwenye rafu miezi 3, akaenda kuwa askari wa miguu miaka 4, akarudi: miaka ile 4 inaingia kwenye ukongwe wake kazini. Wa pili aliendesha bohari ya kikosi miaka hiyohiyo 4, ila hakuwahi kuajiriwa na duka hili kabla ya kuvaa sare. Huyu anaanza chini kabisa, pamoja na kijana aliyemaliza shule juzi. Wa kwanza anapata haki yake, sina ugomvi naye. Lakini aliyekuja na ujuzi unaohitajika zaidi ndiye ambaye sheria haimgusi, na pengo hilo linazibwa na mwajiri kwa hiari yake au halizibwi.

Ahadi kubwa za ajira nazo hazilizibi. Mwaka 2013 Walmart ilitangaza kwamba ingewaajiri askari wastaafu 100,000 kwa miaka 5, kila aliyetoka kwa heshima ndani ya miezi 12 iliyotangulia akihakikishiwa kazi. Mwaka 2015 lengo likapandishwa hadi 250,000 kufikia 2020. Ni jambo la maana kwa mtu asiye na kazi. Ila ahadi ya namna hiyo inahusu kuingia. Aingie kwa mshahara gani ni suala jingine.

Je, shughuli zipi zinafanana? Hapa inabidi kuingia ndani ya kazi zenyewe, maana neno “nidhamu” linalopendwa sana na maofisa ajira halipimiki. Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kila fani ina namba yake: 92Y ni mtunza bohari wa kikosi, 92A anashughulikia maghala na vipuri, 88M ni dereva wa malori, 92G mpishi, 11B askari wa miguu. Mtunza bohari anahesabu silaha na vifaa nyeti kila mwezi, kimoja kimoja kwa namba yake, na vifaa vingine kwa mafungu mwaka mzima. Kamanda mpya akija, mali yote inahesabiwa upya kabla hajaweka saini ya kuipokea. Kifaa kikipotea kwa uzembe kunafanyika uchunguzi, na aliyehusika anaweza kukatwa, kwa kawaida hadi mshahara wa msingi wa mwezi mmoja. Aliyeishi hivyo miaka kadhaa anajua tofauti kati ya mali iliyopotea na mali iliyoandikwa vibaya, na hiyo ni sehemu kubwa ya kazi ya kudhibiti upotevu wa bidhaa. Lori limeshusha katoni 46, hati ya kupokelea inasema 48, karani amegonga muhuri bila kuhesabu kwa sababu dereva alikuwa na haraka. Mwisho wa mwezi duka linatafuta mwizi ambaye hayupo.

Askari wa miguu hana bohari, lakini asiandikiwe sifuri kabla ya kuulizwa. Timu ndogo kabisa ya jeshi hilo ina watu 4 pamoja na kiongozi wake; seksheni ina 9. Aliyeongoza seksheni alipanga zamu, alikagua vifaa kabla ya safari, alifundisha wageni wa kazi na kuandika tathmini za walio chini yake. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa zamu. Cheo peke yake hakitoshi kuithibitisha: kuna sajini walioongoza watu na kuna sajini waliokaa kwenye kompyuta ofisini, na mkono wa sare unaonyesha alama zilezile. Aulizwe maswali matatu tu: uliongoza wangapi, kwa miezi mingapi, na ulikuwa unawaandikia tathmini?

Yako pia mambo ambayo jeshi halifundishi, na anayewatetea wastaafu kwa dhati ayaseme. Mteja haamrishwi. Mfanyakazi wa muda anaweza kuacha kazi kwa ujumbe wa simu saa moja kabla ya zamu, na hakuna mahakama ya kijeshi itakayomfuata. Saa za ziada zina malipo, na mapumziko ni haki hata foleni ikifika mlangoni. Msimamizi aliyezoea kikosi kufanya kazi hadi iishe anaweza kuliingiza duka kwenye madai bila nia mbaya. Kurudisha bidhaa, kukagua umri wa mnunuzi wa pombe, kufunga hesabu za keshia: yote hayo ajifunze kama mgeni mwingine yeyote, na kwa sehemu hiyo alipwe kama mgeni.

Njia ya kuhesabu haihitaji mtaalamu wa nje. Chukua kila kazi ya duka, iandike kwenye jedwali kwa shughuli zake, shughuli 6 hadi 10 zinatosha. Kisha soma hati ya kutoka jeshini. Kwa Marekani ni DD-214, na visanduku vinavyohitajika ni 11, chenye fani na muda wake, 12, chenye tarehe za kuingia na kutoka, na 14, chenye kozi na wiki zake. Vyote hivyo vimo hata kwenye nakala fupi. Nakala ndefu inaongeza sababu ya kuachishwa na msimbo wa kurejea jeshini. Kupanga mshahara hakuhitaji habari hizo, na ofisa anayeidai nakala ndefu kwa mazoea anajitafutia upendeleo asioujua. Nusu au zaidi ya shughuli zikilingana, mwaka mmoja wa jeshini uhesabiwe mwaka mmoja wa dukani. Zikilingana chini ya hapo lakini zikiwa za uwanja huohuo, uhesabiwe nusu mwaka. Zisipolingana, hakuna. Mafunzo ya ukuruta na kozi ya fani yasihesabiwe kabisa. Kiwekwe kikomo, mathalani miaka 4, maana kilichofanyika miaka 15 iliyopita kwenye mfumo wa karatasi hakifanani na ghala la leo.

Kwa kielelezo: duka lina ngazi 6 za mshahara, ngazi moja kwa kila mwaka wa kazi. Mtunza bohari wa miaka 4, ukitoa miezi 6 ya ukuruta na kozi ya fani, anabaki na miaka 3 na nusu. Akiomba kazi ya kupokea mizigo, ambayo shughuli zake nyingi anazijua, amemaliza miaka 3 na anaanza ngazi ya 4. Akiomba ukeshia anaanza ya kwanza. Mtu yuleyule, sare ileile. Asiyeelewa kwa nini majibu ni mawili hajaelewa hoja hii.

Kabla ya kumtia saini mgeni kwenye ngazi ya 4, meneja aangalie orodha ya waliopo. Mipango mingi ya aina hii hufia hapo. Mpokea mizigo aliyekaa dukani miaka 5 na kukwama ngazi ya 3 kwa sababu nyongeza zilisimamishwa ataujua mshahara wa mgeni ndani ya wiki mbili. Lawama itamwangukia askari, si bajeti. Kama hakuna fedha za kuwapandisha waliopo kwa kipimo hichohicho, jedwali lisubiri. Kipimo hicho pia kiwe wazi kwa aliyeendesha stoo ya hospitali au ya shule.

Kuna sababu nyingine ya kukataa nyongeza ya sare tupu, nayo inahusu wanawake. Kesi ya Feeney iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1979 ilihusu upendeleo kwa wastaafu katika ajira za serikali ya Massachusetts, ambako zaidi ya asilimia 98 ya wastaafu walikuwa wanaume. Mahakama iliuacha upendeleo huo usimame kwa kuwa haukukusudiwa kuwabagua wanawake. Uhalali ni jambo moja, nani analipia ni jingine: nyongeza ya sare katika duka lenye makeshia wengi wanawake ni mfuko wa mishahara unaosogea upande mmoja bila kazi kubadilika.

Wapo wanaosema mstaafu ana pensheni, kwa hiyo mshahara mdogo unamtosha. Kwanza, wengi hawana: pensheni ya kawaida ya jeshi la Marekani inadai utumishi wa miaka 20, na walio wengi hutoka mapema. Pili, hata aliye nayo ameilipia huko alikotoka. Hakuna duka linalouliza kama keshia amerithi nyumba kabla ya kumpangia mshahara.

Mwajiri asijidanganye pia kwamba nafuu ya kodi ni zawadi kwa mfanyakazi. Kwa ajira zilizoanza kabla ya 2026, Marekani ilimpa mwajiri hadi dola 9,600 kwa mstaafu mwenye ulemavu uliotokana na jeshi ambaye amekosa kazi miezi 6 au zaidi, mradi afanye kazi saa 400. Kati ya saa 120 na 399 kiwango kilikuwa kidogo. Fedha hizo ziliingia kwa mwajiri. Maduka mengine yalizikosa kwa uzembe tu, kwa sababu fomu ya kuombea nafuu hiyo, namba 8850, ilitakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 28 tangu kuanza kazi na ofisa akaikumbuka mwezi wa tatu. Uingereza, tangu Aprili 2021, mwajiri husamehewa mchango wake wa bima ya taifa katika mwaka wa kwanza wa ajira ya kiraia ya mstaafu. Ni akiba nzuri ya kugharimia miezi ya kumfundisha kazi ya keshia na sheria za zamu.

Duka lisilo na jedwali lolote lianzie ghalani na kwenye kupokea mizigo, ambako shughuli zinahesabika na makosa yanaonekana kwenye hati. Baada ya siku 90 walinganishe tofauti za mizigo kwenye zamu za waliopangiwa ngazi kwa jedwali na zamu za wengine. Tofauti zisipopungua, kasoro iko kwenye jedwali, na irekebishwe kabla halijapelekwa kwa wasimamizi wa zamu.

Wasalaam,
Msomaji wako