Barua kwa Baraka Kuhusu Theluji ya Ain Sefra

Moshi,
12 Desemba

Ndugu yangu Baraka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na mama yako nilimkuta Jumamosi sokoni Mbuyuni akiwa mwenye afya njema, ingawa bado analalamika kwamba humpigii simu kama inavyompasa kifungua mimba. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mwenzako wa chuoni amekualika kwao Ain Sefra, Algeria, katika likizo ya Januari. Umeniuliza namna ya kupiga picha endapo theluji itaanguka juu ya mchanga ukiwa huko.

Kwanza usijenge matumaini makubwa mno. Mji ule uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo Milima ya Atlas inaishia na Sahara inaanza, kwa hiyo usiku wa baridi kali si jambo geni huko. Kinachokosekana ni unyevu. Theluji huja pale tu hewa baridi ya Ulaya inapovuka Bahari ya Mediterania, ikabeba mvuke, kisha ikasukumwa kusini na kupandishwa na milima. Ilianguka Februari 1979, kisha watu wakaizungumzia tena Desemba 2016, Januari 2018 na Januari 2021. Hata ikija, haikai: ile ya 1979 inaelezwa kuwa ilinyesha kwa muda wa nusu saa hivi, na ya tarehe 7 Januari 2018 ilianguka alfajiri, lakini kufikia jioni sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuyeyuka.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote ni kwamba picha yako lazima iaminike. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tuna sababu ya kulijali hilo. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipouona mlima huu mwaka 1848 na kuandika kwamba kileleni kuna theluji, mwanajiografia William Desborough Cooley, akiwa London na hajawahi kufika huku, aliikataa habari hiyo kwa miaka mingi. Rebmann hakuwa na kamera. Wewe unayo, lakini siku hizi kamera peke yake haimalizi ubishi, maana mtu akiona weupe jangwani, neno la kwanza kumtoka ni kwamba picha imetengenezwa kwenye kompyuta. Theluji ya 2016 ilipata bahati ya kuwa na shahidi wa juu kabisa: tarehe 19 Desemba setelaiti ya Landsat 7 ilipiga picha ya eneo la mpaka wa Moroko na Algeria, kusini-magharibi mwa Ain Sefra, na weupe ukaonekana wazi juu ya ardhi. Wewe usimtegemee shahidi huyo. Ushahidi uwe ndani ya picha yenyewe.

Ndiyo maana nakusihi uache mchanga uonekane. Wengi hukimbilia mahali ambapo theluji imefunika kila kitu, wakidhani wingi ndio uzuri, na matokeo yake ni picha ambayo ingeweza kupigwa Uswisi. Tafuta upande wa kilima ambako tabaka ni jembamba, ambako migongo ya mchanga iliyochongwa na upepo imebaki na rangi yake ya kutu huku theluji imelala katika vibonde vilivyo katikati. Piga asubuhi na mapema, jua likiwa chini na mwanga wake ukitoka ubavuni, kwa sababu mwanga huo ndio unaotenganisha mgongo mmoja na mwingine. Usikikanyage kilima kabla ya kukipiga. Ukishamaliza, watoto wakija kuteleza, wapige pia kwa ruhusa ya wazazi wao, kwani mtu akiwa ndani ya picha ndipo mtazamaji anapojua kilima kina ukubwa gani.

Kuhusu mwanga, uwe mwangalifu na ushauri wa jumla. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wangavu wa wastani, hivyo kikikutana na weupe mwingi hupunguza mwanga na theluji hutoka ya kijivu. Kwa theluji tupu, kama ile inayoanguka usiku kwenye jangwa la juu kati ya vilele vyetu vya Mawenzi na Kibo, ambayo mara nyingi hutoweka kabla jua halijapanda sana, mimi huongeza stopu moja na nusu, pengine mbili (kila stopu moja huongeza mwanga maradufu). Huko kwako nusu ya fremu itakuwa mchanga, na mchanga hauko mbali na wastani huo. Ukiongeza kiasi hicho, weupe utaungua na rangi ya mchanga itapauka, nayo ndiyo uliyoifuata. Anza na theluthi mbili za stopu, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha. Weka mizani ya rangi (white balance) kwenye alama ya jua badala ya otomatiki, na theluji ya kivulini ikitoka na rangi ya samawati, iache: inaangazwa na anga, na ndivyo ilivyo.

Vifaa havina mengi. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Usibadilishe lenzi nje upepo ukivuma. Unaporudi ndani penye joto, ifunge kamera kwanza katika mfuko usiopitisha hewa na uiache humo hadi ipate joto la chumba, la sivyo mvuke utageuka matone ya maji kwenye kioo.

Piga katika mfumo wa RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata, na faili hizo usizifute hata baada ya kuzisafisha picha, maana akitokea mbishi ndizo utakazomwonyesha. Usinitumie kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, kwa kuwa huzibana picha; ziweke kwenye diski, nami nitazipokea utakapokuja Julai. Ukipata moja nzuri nitaichapa kwa ukubwa wa kutundika sebuleni kwa mama yako, lakini mpigie simu kwanza.

Nisalimie mwenyeji wako na jamaa zake wote.

Ni mimi rafiki yako,
Elisante