Maiti zisizo na majina

Mhariri naomba kanafasi. Kuna maiti iliokotwa Florida, Marekani, 1988, imevaa sketi, polisi wakaandika mwanamke tena eti ameshazaa, kumbe kipimo cha vinasaba (DNA) cha 2015 kikaonyesha alizaliwa na mwili wa kiume, yani miaka yote hiyo wanatafuta mtu siye! Jina limepatikana 2025, wanaojitolea DNA Doe Project, shirika la Marekani linalotafuta majina ya maiti zisizotambulika, wamefuatilia ukoo mpaka basi, na alikuwa mtoto wa kuasiliwa. Sasa huku kwetu Dodoma sheria ya vinasaba ipo toka 2009, Mkemia Mkuu wa Serikali, anayepima vinasaba, ana ofisi hapahapa, kwanini asiyetambulika azikwe bila sampuli kutunzwa? Na matangazo yataje nguo, kucha, makovu, sio "jinsia me" tu, ndugu watamjuaje?

Msomaji, Area C, Dodoma