Yah: Malalamiko kuhusu seti ya trekta dogo iliyouzwa kwa kazi ya kusawazisha ardhi yenye mteremko

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni waendeshaji na mafundi wa matrekta madogo. Mlituuzia seti moja: trekta la nguvu za farasi 25 lenye ndoo ya mbele, sanduku la kusawazishia linalofungwa nyuma (lenye visu vya kukomba udongo na meno ya kupasulia), na kijitabu kinachoelekeza namna ya kugeuza mteremko kuwa kiwanja tambarare. Trekta lenyewe hatulilaumu: injini inavuta vizuri na haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaoinua vifaa, haivuji. Tunacholalamikia ni vifaa mlivyoambatanisha nalo, ambavyo haviwezi kufanya kazi mliyoviuzia, na kijitabu ambacho dereva akikifuata neno kwa neno anaweza kupoteza maisha.

Tuanze na sanduku. Upana wake ni sentimita 120, ilhali tairi za nyuma, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, zina sentimita 145. Kila upande tairi inatokeza sentimita 12.5 nje ya kisu. Kwenye ardhi tambarare huo ni usumbufu tu, lakini kwenye mteremko unaharibu kazi nzima. Unapochimba ukikaribia ukingo wa juu, tairi inagota kwenye udongo kabla kisu hakijafika, na kila safari inaacha kidato cha sentimita 12.5 kisichokatwa. Safari inayofuata tairi inapanda juu ya kidato hicho, trekta linalalia upande wa bonde, kisu nacho kinalala vilevile na kuchonga ulalo uleule uliokusudiwa kuondolewa. Sanduku la kazi hii lazima lifunike alama za tairi zote mbili. Kwa trekta hili, lisipungue sentimita 150.

Kasoro ya pili ni fimbo ya kuinulia ya upande wa kulia, yaani ile inayopandisha na kushusha mmoja wa mikono miwili ya chini inayobeba sanduku. Mmeleta fimbo ya urefu mmoja, isiyo na skrubu ya kurefusha wala kufupisha. Trekta likisimama kukingama mteremko, sanduku linafuata ulalo wa ardhi. Ili kisu kikate usawa, ncha yake ya upande wa mlima lazima ishushwe kuliko ile ya upande wa bonde. Pini za mikono ya chini zimeachana takriban sentimita 68, hivyo kwenye mteremko wa asilimia 10 tunahitaji tofauti ya kimo ya karibu sentimita 7 kati ya pini hizo mbili. Fimbo isiyorekebishika haitoi hata sentimita moja. Kifaa hiki kidogo ndicho kinacholiwezesha sanduku kukata ardhi ya mteremko badala ya kuiparuza tu, na hatuelewi kwa nini kimeachwa kwenye seti iliyotangazwa kwa kazi hiyohiyo.

Kijitabu kinasema kwamba dereva akisukuma wenzo hadi mwisho, haidroliki “italikandamiza” sanduku ardhini. Si kweli. Haidroliki ya nyuma ya trekta hili huinua tu. Sanduku hushuka kwa uzito wake lenyewe. Kinacholifanya liume ni uzito huo, meno ya kupasulia, na urefu wa mkono wa juu, yaani fimbo inayounganisha sehemu ya juu ya sanduku na trekta. Ukiufupisha mkono wa juu, sanduku linainama mbele, na meno pamoja na kisu cha mbele vinauma. Ukiurefusha, linaegemea nyuma na kisu cha nyuma kinatandaza na kulainisha. Marekebisho hufanywa kwa mzunguko mmoja au miwili, kisha unajaribu tena.

Vilevile, kupasua na kukomba visifanywe kwa safari moja kwenye udongo mgumu, kama mnavyoagiza. Sanduku hujaa kabla ya wakati, tairi zinateleza, na ardhi inabaki na matuta kama ubao wa kufulia, kwa sababu kila tuta ambalo tairi za nyuma zinapanda linaliinua sanduku na kila shimo linalizamisha. Pasua kwanza eneo lote, pandisha meno, ndipo ukombe.

Sasa hatari yenyewe. Picha yenu ya jalada inaonyesha ndoo iliyojaa udongo ikiwa juu, trekta likikatiza mteremko, na fremu ya kumkinga dereva (trekta likipinduka) ikiwa imekunjwa. Kila kitu katika picha hiyo ni kinyume. Ndoo iliyojaa iwe chini kadiri ardhi inavyoruhusu, fremu isimamishwe, mkanda wa kiti ufungwe. Kwenye mteremko mkali, trekta lipande na kushuka moja kwa moja, lisikatize, na ncha yake nzito, ya mbele au ya nyuma, ielekee mlimani.

Pia hamkutoa uzito wowote wa nyuma. Sanduku lenu jepesi halitoshi kusawazisha ndoo iliyojaa. Sehemu ya nyuma inakuwa nyepesi na mzigo wote unaangukia ekseli ya mbele. Na breki za trekta hili ziko kwenye magurudumu ya nyuma! Tairi za nyuma zisiposhika ardhi, breki hazina kazi, na trekta linaserereka bila kusimama. Ndiyo maana dereva anayeshuka anapaswa kuwasha uendeshaji wa magurudumu manne, ili na tairi za mbele zishike, na kukaa kwenye gia ya chini bila kuitoa. Kijitabu hakigusii jambo hili hata kwa sentensi moja.

Kuhusu ujazaji, mnaelekeza udongo usukumwe chini juu ya majani, wote kwa mara moja, kisha trekta lipite juu yake. Majani yaliyofukiwa huoza na kuacha utando unaoteleza kati ya udongo wa zamani na mpya. Kwanza ondoa udongo wa juu, sentimita 15 hivi, uuweke kando. Chonga vidato kwenye ardhi ya chini ili kifusi kishikamane nayo. Jaza kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, zikiwa na unyevu wa kiasi, na shindilia kila tabaka kwa mashine ya kushindilia, maana tairi za trekta jepesi hazifiki ndani. Ukingo wa kifusi kipya ndipo trekta hupinduka: dereva akae mbali nao kwa umbali usiopungua kimo cha ukingo huo.

Mmeahidi pia kwamba eneo la mita 20 kwa 10, lenye tofauti ya kimo ya mita 1, litamalizika kwa nusu siku. Pigeni hesabu. Ukikata nusu ya juu na kujaza nusu ya chini, unahamisha mita za ujazo 25. Udongo uliolegezwa huvimba, tuseme kwa robo, na kufikia kama 31. Ndoo yenu hubeba robo ya mita ya ujazo, kwa hiyo kama kazi ni ya ndoo, ni safari 125. Sanduku litapunguza safari hizo, lakini bado kuna mita za ujazo 30 za udongo wa juu zinazoondolewa na kurudishwa. Mnunuzi anayeamini nusu siku ataharakisha kwenye mteremko, na haraka hiyo ina hatari yake.

Tunaomba yafuatayo ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mbadilishe sanduku kwa la sentimita 150 lenye uzito wa kutosha, pini zake zikiwa za milimita 22 chini na 19 juu kama zilivyo kwenye trekta hili. Mlete fimbo ya kulia yenye skrubu, na sanduku la uzito wa nyuma la kufunga wakati ndoo inapotumika bila sanduku la kusawazishia. Mkiondoe kijitabu hicho kwenye mauzo, na muwaarifu kwa maandishi wote waliokwisha kukipokea, mkianza na suala la fremu, mkanda na breki. Hilo la mwisho lisisubiri siku 14.

Vifaa vyenu tumevihifadhi bila kuvibadilisha chochote, na fundi wenu anaweza kuja kuvipima mwenyewe.

Wenu,
Waendeshaji na mafundi, wanunuzi wa seti