Barua kwa Zuhura: siku kumi za Bequia

Shoga yangu Zuhura,

Waalaikum salaam. Barua nimeipata, na ile orodha yako ya visiwa saba nimeisoma mpaka mwisho. Sita nimevifuta. Siku kumi si za kurukaruka visiwani: kila kuruka kunakula siku nzima ya mizigo na foleni, na nyinyi mwataka kupumzika. Nimekubakishia Bequia. Hutamkwa Bekwei, kariri kabla ya safari. Ni kisiwa cha nchi ya St. Vincent na Grenadines, huko Karibiani, kilomita za mraba 18, wakazi kama 5,000. Hakuna kasino wala maghorofa. Kuna ghuba moja pana, Admiralty Bay, iliyojaa mashua za matanga, mji mdogo wa Port Elizabeth uliojikunyata pembeni mwake, na njia nyembamba ya miguu inayopita ukingoni mwa maji kuelekea Belmont. Jioni watu huvaa vizuri bila kujionyesha. Ndiyo ule utulivu wa kimaridadi ulioutaka.

Ugumu wa Bequia ni kufika. Kwa hiyo ncha mbili za safari, kwenda na kurudi, zifunge kwa kamba ngumu, na katikati paache wazi kabisa. Wengi hufanya kinyume: hupanga kila chakula cha jioni, halafu huachwa na boti ya mwisho.

Tuanze na njia. St. Vincent na Barbados hazitaki viza kwa pasipoti ya Kenya, ila za njiani ndizo zinazowatega watu. Ukipitia London, Mkenya anahitaji viza ya kupita hata kama hatoki nje ya uwanja. Marekani ni vivyo hivyo, kwa sababu viwanja vyao havina sehemu ya kupita bila kuingia nchini. Amsterdam haina kikwazo hicho kwa pasipoti yetu, mradi tiketi iwe moja na msitoke nje. Kwa hiyo tafuta Nairobi, Amsterdam, Barbados kwa KLM. Ndege ya Barbados haiondoki kila siku, na ratiba hubadilika kwa msimu, basi tafuta tarehe za ndege kwanza, hoteli ije baadaye. Ukianza na hoteli utajikuta unalipia usiku ambao huna ndege ya kuufikia.

Usikubali tiketi ya kuunganisha mpaka Bequia siku hiyohiyo. Saa kumi jioni ya Barbados ni saa tano usiku ya Mombasa, mwili umekwisha. Laleni Barbados usiku mmoja, karibu na uwanja, hoteli ya kawaida tu. Asubuhi mna njia mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo ya moja kwa moja hadi uwanja wa J. F. Mitchell hukohuko Bequia. Ni ghali, lakini mnatua mkiwa bado na siku yenu. Mizigo hupimwa kwa ukali, na sanduku gumu kubwa laweza kubaki nyuma, kwa hiyo chukueni begi laini. Ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni ndege ya hadi Argyle, uwanja mkubwa wa St. Vincent uliofunguliwa mwaka 2017, kisha teksi ya nusu saa hivi hadi gatini Kingstown, kisha feri ya saa moja. Nauli ya feri haizidi dola 15 za Marekani kwa mtu.

Feri hiyo ina adabu zake. Jumapili safari hupungua sana, basi msipange kufika Jumapili. Mkondo kati ya visiwa viwili huwa na mawimbi makali hata siku ya jua, kwa kuwa bahari kuu ya Atlantiki inajipenyeza pale katikati. Kaeni nyuma, nje, penye hewa, macho yatazame nchi kavu. Anayeingia ndani penye kiyoyozi na kuinamia simu ndiye anayetapika. Dawa ya kichefuchefu cha bahari imezwe kabla ya kupanda. Ukishaanza kusokotwa imechelewa. Siku ya kurudi, vukeni siku moja kabla ya ndege ya Barbados. Bahari ikichafuka au boti ikiharibika, usiku huo mmoja ndio utakaookoa tiketi zenu.

Cheti cha homa ya manjano ni lazima, kwa kuwa mnatoka Kenya. Chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichome wiki ya safari. Kama mlishachomwa zamani, kadi ni ya maisha. Kinachotakiwa ni kuiona, si kusema iko nyumbani. Shika pia tiketi ya kurudi na anwani ya mtakapolala, zote kwenye karatasi.

Sasa tarehe. Kiangazi chao ni Desemba hadi Mei. Msimu rasmi wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na hatari zaidi ni Agosti hadi Oktoba, wakati ambao hoteli na migahawa mingi hufunga. Kimbunga Beryl kilipiga Julai 1, 2024, mapema kuliko watu walivyozoea. Union Island, kisiwa kingine cha nchi hiyo, iliangamia, Bequia ikapona kwa afadhali. Bima nunua siku ileile unayolipa tiketi, kwa sababu kimbunga kikishapewa jina, bima mpya haikifidii. Pasaka ina mashindano ya mashua, vyumba hujaa na bei hupaa. Mimi naona wiki mbili za mwisho za Aprili, Pasaka ikiwa imeshapita: bei zimeshuka, mvua bado, na kamba koche yuko mezani. Msimu wake hufungwa Mei 1 mpaka mwisho wa Agosti, na mgahawa utakaokuuzia mwezi Juni unauza wa barafu au wa magendo.

Pa kulala ndipo penye uamuzi mkubwa. Wewe mtoto wa pwani utanielewa haraka: kule upepo haugeuki kama kaskazi na kusi. Unavuma kutoka mashariki mwaka mzima, mkali zaidi kati ya Desemba na Februari. Kwa hiyo kisiwa kina upande wa demani, uliokingwa na upepo, na upande wa joshini, unaopigwa nao, na haibadiliki. Demani, yaani magharibi, kuna Belmont, Princess Margaret na Lower Bay: maji yametulia kama ya bakuli, jua linazama mbele yako, na mjini unakwenda kwa miguu. Joshini na kusini kuna Spring, Industry na Friendship Bay: upepo mtamu, ukimya, nyumba nzuri zaidi kwa macho. Lakini huko ndiko mwani wa sargassum hutupwa ufuoni, hasa kuanzia Machi hadi Agosti. Ukioza hunuka kama yai viza, na hautabiriki: wiki hii umejaa, wiki ijayo hakuna. Picha za mtandaoni hupigwa wiki ya pili.

Ningegawa hivi: siku tano za kwanza Belmont, mahali kama hoteli ya Frangipani, mzoee mji kwa miguu. Tatu za mwisho Bequia Beach Hotel kule Friendship Bay au Sugar Reef kule Industry, na hizo zilipie kwa masharti ya kughairi, kisha uulize hali ya mwani siku mbili kabla. Mkitaka nyumba ya kukodi, muulize mwenyewe mambo matatu: ngazi ni ngapi kutoka barabarani (vilima vyao ni vikali, na goti la shemeji nalijua), vitanda vina chandarua, na jabia lina maji kiasi gani. Ndiyo, jabia, kama za Lamu. Kisiwa hakina mto. Maji ya mvua huvunwa mapaani na kuhifadhiwa chini ya nyumba. Aprili ni mwisho wa kiangazi, kwa hiyo kuoga ni kujimwagia, kufunga, kupaka sabuni, kufungua tena. Ukiacha bomba likitiririka, mwenye nyumba ataagiza maji kwa gari na bili utaiona.

Kati ya siku zote hizo, weka miadi miwili tu. Mmoja ni safari ya siku nzima kwa Friendship Rose, jahazi la milingoti miwili lililojengwa ufuoni Friendship Bay na kushushwa majini mwaka 1969, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndilo feri ya kisiwa. Huenda Tobago Cays, visiwa vidogo mnakoogelea na kasa kwenye maji ya kiunoni, au Mustique. Chagua Tobago Cays. Mustique ni kutazama nyumba za matajiri kwa nje. Iweke siku ya tatu au ya nne, isiwe ya mwisho, ili upepo ukikataa kuna nafasi ya kusogeza. Mwingine ni asubuhi moja kwa mafundi wa mashua ndogo za mbao pale Port Elizabeth. Wanachonga mfano wa mashua yoyote kwa vipimo, hadi kamba za tanga. Ukitaka ya kuagiza, waandikie wiki kadhaa kabla, na upande nayo ndegeni mkononi; kwenye mizigo mlingoti hauponi.

Siku nyingine ni kutembea. Fuata njia ya Belmont hadi mwisho, panda ngazi za jabali, shuka upande wa pili uko Princess Margaret, ufuo uliokuwa ukiitwa Tony Gibbons kabla binti mfalme hajaogelea hapo. Njia ikipigwa na mawimbi, chukueni boti-teksi kutoka gatini na mpatane bei kabla ya kuingia. Kwenda mbali kuna basi dogo, na kuna teksi za pikapu zenye mabenchi nyuma, chai maharagwe kabisa, zile gari za abiria za Unguja. Gari la kukodi halina haja.

Huko ufuoni kuna jambo la kuangalia sana. Kuna mti unaitwa manchineel. Unamea penye mchanga, kivuli chake kizuri, majani ya kijani yanang'aa yenye uti wa kati wa manjano, na matunda yake yanafanana na tufaha dogo bichi, yamelala chini yakinukia vizuri. Utomvu wake unababua ngozi. Usikae chini yake mvua ikinyesha, kwa sababu matone yanaushusha utomvu. Usishike jani kisha ukafuta jicho. Tunda usilionje hata kwa ncha ya ulimi. Mingine hupakwa rangi nyekundu shinani, mingine haina alama. Kama wenyeji wameacha kivuli kitupu saa sita mchana, nawe kiache. Jioni usubi hutoka mchangani, kwa hiyo pakeni dawa vifundoni kabla jua halijazama.

Chakula hamtapata shida. Samaki ni wengi, kwa hiyo suala la halali ni jepesi; uliza tu kama mchuzi au keki imetiwa ramu, maana huko ramu huwekwa popote. Badala ya vileo agizeni maji ya ndimu au ya embe ng'ong'o. Na mle shelisheli! Kwenu hupikwa kwa nazi, wao huchoma zima juu ya moto, wakiligeuza kwa karibu saa moja mpaka ganda liwe jeusi tii na mvuke utoke kwenye kikonyo. Kisha hulimenya, hulikata vipande kama tikiti, wakapaka siagi, kando yake samaki wa kukaanga. Ndicho chakula cha taifa. Miche yake ililetwa St. Vincent mwaka 1793 na nahodha Bligh.

Pesa yao ni dola ya Karibiani ya Mashariki, na ya Marekani moja ni 2.70, haipandi wala haishuki tangu 1976. Kwa shilingi zetu, zidisha na 48 hivi. Mashine ya benki iko Port Elizabeth. Toeni Ijumaa, msingoje Jumapili. Kwenye menyu tazama chini kabisa: mara nyingi kodi na huduma ya asilimia 10 havijaongezwa.

Nguo ziwe chache. Magauni mawili ya kitani, shela moja ya usiku wa upepo, kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, ndala na kiatu kimoja cha kufunga. Chukua kanga pea mbili: moja ya ufuoni, moja ya kujitanda ukipita mjini, kwa kuwa kutembea dukani na nguo ya kuogelea wanaona ni utovu wa heshima. Pasi ya nywele itafanya kazi Bequia, umeme wao ni kama wetu na plagi ya miguu mitatu hutumika, lakini Barbados ni volti 115 na itakuwa vuguvugu tu.

Niandikie tarehe mlizopata za ndege kabla hujalipa, niziangalie na siku za feri.

Wako,
Mwanakombo

N.B. Mwambie shemeji ile kofia yake ya mabaka ya kijeshi aiache Mombasa, na kaptura yake pia. Barbados na St. Vincent raia haruhusiwi kuvaa mabaka kwa sheria, na forodha huyachukua.