Barua ya Wazi kwa Mwenzangu wa Chumba Namba Kumi na Nne

Ndugu yangu,

Jina lako silitaji hapa, wala lile la utani tulilokupachika mwaka wa kwanza. Ukifika kwenye habari ya viatu utajijua. Ningependa kukuandikia wewe peke yako, lakini namba yako ya zamani haipatikani, na baruapepe ninazotuma zinanirudia. Kwa hiyo naiweka barua hii hadharani, nikitumaini kwamba hata usipoiona mwenyewe, ataiona mtu anayekufahamu naye atakufikishia.

Mwaka 2015 ulitoka kwenye kundi letu la WhatsApp. Siku hizo mtu akitoka, wote waliomo walionyeshwa. Ni mwaka 2022 ndipo utaratibu ulipobadilishwa, wakawa wanaarifiwa wasimamizi tu. Basi wote tuliona. Usiku wake mwenzetu mmoja alikuwa amekuuliza, mbele ya watu zaidi ya themanini, "Mbona kimya, siku hizi uko ofisi gani?" Hukujibu. Juu ya swali lile palikuwa na picha ya mtu aliyepandishwa cheo, chini yake picha ya nyumba mpya ya mwingine, na pongezi zinamiminika. Asubuhi nikakuta umeshaondoka.

Nilijua kwa nini. Nilikuwa mmoja wa wachache waliojua kwamba huna kazi tangu mwaka uliotangulia. Nikasema moyoni, acha apumue kidogo, nitampigia jioni. Jioni ikawa wiki. Miezi mitatu ilipopita nikaanza kujiuliza ningeanzia wapi, na mwaka ulipokatika aibu ya kukawia ikawa ndiyo inayonizuia. Hatukugombana. Hukunikosea neno, nami sikukukosea neno. Nilikaa kimya tu, na kimya changu nadhani ulikisoma kama ambavyo ningekisoma mimi: kwamba na huyu naye ameniacha.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na wanasaikolojia wawili, Lara Aknin na Gillian Sandstrom, ambao niliusoma nikajiona mle ndani. Waliwachukua watu waliosema wanatamani kuwasiliana na rafiki waliyepoteana naye, wanaamini rafiki huyo atafurahi, na namna ya kumpata wanayo. Wakawapa na muda wa kuandika ujumbe palepale. Waliotuma hawakufika hata theluthi moja. Katika sehemu nyingine ya utafiti huohuo, utayari wa watu kuzungumza na rafiki wa zamani haukuzidi utayari wao wa kuzungumza na mtu wasiyemjua kabisa. Rafiki akikaa mbali muda mrefu, moyo unamhesabu kama mgeni. Na miaka miwili kabla yao, Peggy Liu na wenzake walikuwa wameonyesha upande wa pili: anayetafutwa hufurahi kuliko anavyokisia yule anayemtafuta, na furaha huzidi pale ambapo hakutarajia. Siandiki haya ili kujitetea. Yalinifanya nikae chini nianze barua hii.

Nilisoma pia hesabu ya mtafiti Jeffrey Hall, ya mwaka 2018, kwamba watu huhitaji zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja hadi wawe marafiki wa karibu. Sisi tuliishi chumba kimoja miaka mitatu. Tukihesabu saa mbili tu za maongezi kila usiku, baada ya taa kuzimwa, wewe kitanda cha juu na mimi cha chini, saa 200 tulizimaliza kwa usiku mia moja. Hata mitihani ya kwanza hatukuwa tumeifikia. Leo, kwa umri wetu na shughuli zetu, nikipata mtu mpya wa kuonana naye saa moja kila wiki, itanichukua karibu miaka minne kufika pale. Na hata nikifika, hatakuwa amenisikia nikilia usiku ule barua ya nyumbani ilipoleta habari za baba. Uliteremka, ukakaa pembeni ya kitanda changu mpaka kukapambazuka, hukusema kitu. Asubuhi ukaenda darasani na daftari langu, ukaniandikia mihadhara yote ya siku hiyo kwa mwandiko wako ule wa kulala.

Sasa viatu. Ulikuwa na jozi moja nyeusi, ya kamba, saizi 9. Mimi navaa 8. Nilipoitwa kwenye usaili wangu wa kwanza baada ya mahafali, ulinipa viatu vile bila mimi kuomba, tukajaza karatasi za madesa yetu mbele ili mguu usitembee. Kazi nikaipata. Nikahamia huko moja kwa moja, na viatu nikaondoka navyo. Uliniandikia barua mbili mwaka ule, na hakuna hata moja uliyouliza habari ya viatu. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa na mwenzetu kwamba kwenye usaili wako wewe ulikwenda na raba.

Kundi bado lipo. Sitalisema vibaya, maana ndilo linalotuletea habari za wagonjwa na misiba, na wapo waliosaidiwa humo kwa kweli. Lakini kundi la watu themanini ni kama ubao wa matangazo. Mtu hubandika pale kilichonyooka, na kilichopinda anabaki nacho nyumbani. Urafiki wetu haukuzaliwa mbele ya ubao. Uliponijua sikuwa na cheo wala nyumba, na ukiniona leo hutaniuliza habari za hivyo. Mimi pia sitakuuliza uko ofisi gani.

Kuna jambo nimelichelewesha mpaka hapa kwa sababu ni zito. Katika kikundi chetu cha kujisomea, wale watano, mmoja ametutoka mwaka juzi. Ni yule aliyekuwa akituamsha saa kumi alfajiri kabla ya mitihani. Nilimtembelea wiki mbili kabla. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini alikutaja wewe, akauliza kama bado nawasiliana nawe. Nikamwambia ndiyo, hajambo, anakusalimu. Alitabasamu. Nilitoka pale nikakaa kwenye gari muda mrefu sana. Nakuomba radhi kwa salamu niliyoitoa kwa jina lako bila wewe kunituma, na nakuomba radhi zaidi kwamba hukupata nafasi ya kuitoa mwenyewe.

Tumebaki wanne. Wengine wawili nazungumza nao kila Jumapili jioni, kwa simu, kwa zamu. Tulianza baada ya msiba ule. Hatuna ajenda. Mmoja anasumbuliwa na magoti, mwingine amekuwa babu na anapenda kulisema hilo. Kila mara unatajwa, kisha tunanyamaza kidogo.

Usirudi kwenye kundi kama hutaki. Namba yangu ni ileile niliyokuwa nayo mwaka ule ulipotoka, sijaibadilisha kwa sababu yako. Kama umeisahau, anayo mdogo wako wa kike, nilimpa zamani. Piga saa yoyote, hata usiku. Kama kuongea ni vigumu, nitumie neno moja tu, nami nitapiga.

Na mwezi uliopita nilinunua viatu. Vyeusi, vya kamba, saizi 9. Viko kwenye boksi lake, sijavijaribu.

Mimi wa kitanda cha chini.